Kuunganisha Bati na Bomba Jembamba kwa Kukunja Bila Moto: Mwongozo wa Kutengeneza Kasha la Maji ya Mvua

Wanaoanza kazi ya bati huuliza maswali yaleyale kila mara. Kwa nini mshono unavuja ilhali umegongwa kwa nguvu? Kwa nini bomba linazunguka ndani ya tundu lake? Kwa nini ukingo umepasuka kabla haujalala? Na je, si afadhali kuchomelea tu?

Hilo la mwisho ndilo linalostahili kujibiwa kwanza. Bati la geji 26 lina unene wa takriban milimita 0.46, na moto wa kuchomelea hulitoboa kabla fundi hajauhamisha mkono. Tena bati hilo limepakwa zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi na kuchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka kifike karibu nyuzi 1500. Maana yake ni kwamba kinga yote ya kutu huwa imekwisha kuwa moshi kabla kiungo hakijashika, na moshi huo ukivutwa huleta homa na maumivu ya mwili. Mkunjo wa baridi hauondoi zinki, hautoboi bati, wala hauhitaji umeme. Masanduku ya chuma ya wanafunzi yanayotengenezwa Kamukunji, Nairobi, hushikana kwa namna hiyo hiyo, na hubebwa kwa miaka mingi bila pembe zake kuachia.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kasha dogo la kukusanyia maji ya mvua kutoka kwenye mfereji wa paa, pamoja na shingo yake, yaani bomba fupi linalotoka chini ya kitako, na bomba la kushushia maji. Nimeichagua kwa sababu ndani yake mna viungo vitatu ambavyo kila fundi wa bati anapaswa kuvijua, yaani bati kwa bati, bomba kwa bati, na bomba kwa bomba. Njia hizi zinafaa kwa bati lisilozidi milimita 0.8 hivi. Usizitumie kwa ngazi, kiti, au kitu chochote kitakachobeba uzito wa mtu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tafuta bati bapa la zinki la geji 26, lililo laini. Kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda unene hushuka: geji 24 ni takriban milimita 0.56, geji 28 ni 0.38, na geji 30 ni 0.3 tu. Geji 30 hukunjika kwa urahisi lakini hubonyea kwa pigo dogo, kwa hiyo sikushauri uanzie hapo.

Kwa vifaa, uwe na mkasi wa bati ulionyooka na mwingine wa kukata mviringo, rula ya chuma, skwea, bikari, kalamu ya wino usiofutika, tupa laini, tindo, nyundo ya mbao, nyundo ndogo ya chuma yenye uso laini, vaisi, na engo (vyuma vya pembe) mbili za milimita 40 zenye urefu wa angalau mita moja za kubania bati wakati wa kukunja. Utahitaji pia bomba zito la chuma la inchi 2½, ambalo kipenyo chake cha nje ni takriban milimita 76, litakalokuwa fuawe ya kuviringishia, na chuma bapa chochote kizito cha kugongea juu yake. Kipande cha reli ndicho wanachotumia mafundi wengi, na kinafaa sana.

Chombo cha kufungia mshono unaweza kukinunua au kukichonga mwenyewe: chukua kipande cha chuma cha kawaida, kisha ukitie kwa tupa mfereji wenye upana wa milimita 7.5 na kina cha milimita 1.5, na ulainishe kingo zake ili zisikwaruze bati. Mwisho, uwe na mashine ya mkono ya kupiga mishipi, yaani mituno midogo inayolizunguka bomba, na plaizi ya kukunjia midomo ya mabomba. Asiye na mashine hiyo asikate tamaa, kwa maana njia ya meno imeelezwa chini ya hatua ya 8.

Vaa glovu nene wakati wote wa kukata na kubeba. Ukingo wa bati uliokatwa upya hukata kama wembe.

Hatua za kazi

1. Lijaribu bati. Kata kipande cha upana wa vidole viwili, ukikunje mpaka kijilalie chenyewe, kisha uutazame mgongo wa mkunjo kwenye mwanga. Ukiona nyufa, bati hilo halifai kwa kazi hii hata kama ni jipya na ni la bei kubwa. Mabati mengi ya kuezekea hutengenezwa kwa chuma kigumu cha daraja la G550, ambacho ni imara juu ya paa lakini hakivumilii mkunjo mkali. Mwombe muuzaji bati laini la kukunjia. Rudia jaribio hili katika kila bati unalonunua, na ufanye mkunjo mmoja kwa urefu wa bati na mwingine kwa upana, kwa kuwa chuma kilichopitishwa kwenye mitambo ya kukibapisha hakina tabia moja pande zote.

2. Pima na kuchora. Shingo na bomba vitakuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 80, na mshono wake utakuwa na upana wa milimita 6. Mzingo wa duara hilo ni milimita 251. Ongeza mara tatu ya upana wa mshono, yaani 18, kwa sababu kila ukingo hula milimita 6 katika mkunjo wake na 6 nyingine hupotea pale kingo zinapopandana. Ongeza tena milimita 2 kwa ajili ya unene wa bati. Jumla ni milimita 271. Kata kipande cha 271 kwa 150 kuwa shingo, na kingine cha 271 kwa 1000 kuwa bomba la kushushia maji.

   Kasha litakuwa na kitako cha milimita 250 kwa 200 na kimo cha 100, pamoja na pindo la milimita 10 juu. Kwa hiyo kata kipande cha 470 kwa 420.

   Chora mistari ya kukunjia kwa kalamu ya wino, usitumie msumari. Mkwaruzo wa msumari hukata zinki, na papo hapo kutu itaanzia, tena katika mstari ambao utavutwa zaidi ya sehemu nyingine. Penseli nayo usiitumie kwenye bati lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, kwa sababu risasi yake nyeusi huanzisha kutu.

3. Punguza pembe za shingo. Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayoharibu kazi huko mbele. Katika ule mwisho wa shingo utakaoingia kwenye kasha, kata na uondoe kwenye kila pembe kipande chenye upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 14. Usipofanya hivyo, mshono utafika mdomoni ukiwa na tabaka nne za bati, na hakuna mashine ya mkono itakayopiga mshipi ulio sawa juu ya tabaka nne. Ukizipunguza, pale mdomoni zitabaki tabaka mbili tu zilizopandana, na mshipi wenyewe utazishika pamoja.

4. Kunja kulabu mbili, moja kwenye kila ukingo utakaoungana na mwenzake. Bana bati kati ya engo mbili kwenye vaisi, mstari wa milimita 6 ukiwa sawasawa na ukingo wa engo, kisha ulaze ukingo kwa nyundo ya mbao. Anza mwisho mmoja hadi mwingine ukiulaza kidogo kidogo, wala usilaze sehemu moja yote kwa pigo moja, la sivyo ukingo utakuwa na mawimbi. Ukifika nyuzi 90, toa bati, liweke juu ya chuma bapa, na uendelee kulaza mpaka ibaki nafasi inayotosha unene wa bati moja. Ili usiizibe nafasi hiyo kwa bahati mbaya, chomeka humo kipande cha bati hilohilo wakati wa kugonga, kisha ukichomoe.

   Tahadhari: kulabu moja ikunjwe kuelekea juu na nyingine kuelekea chini. Hili ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza. Zote zikielekea upande mmoja hazitashikana, na ukijaribu kuinyoosha moja ili uigeuze, itavunjika mstarini. Chuma kinapokunjwa kikiwa baridi huwa kigumu zaidi palepale kilipokunjwa, na ugumu huo ndio unaoupa mshono nguvu, lakini ndio pia unaoukataza mkunjo kufunguliwa na kurudiwa. Kunja mara moja tu.

5. Viringisha. Laza bati juu ya bomba zito na ulisukume kwa viganja, ukianza na sehemu iliyo karibu na kulabu. Sehemu hizo mbili za pembeni zikiachwa mpaka mwisho hubaki zimenyooka, na bomba hutoka na umbo la tone la maji badala ya duara. Bati litarudi nyuma kidogo kila unapoliachia, kwa hiyo lipinde kupita kiasi unachokitaka. Endelea mpaka kulabu zikutane zenyewe bila kulazimishwa sana.

6. Funga mshono. Ingiza kulabu moja ndani ya nyingine, vuta ili zikazane, na uviweke vyote juu ya bomba zito. Chukua chombo chako chenye mfereji, ukiweke juu ya mshono kwenye mwisho mmoja, na ugonge pigo moja thabiti. Nenda mwisho wa pili, gonga tena. Baada ya ncha mbili kufungwa, rudi mwanzo na upite urefu wote, ukisogeza chombo kwa nusu ya urefu wake baada ya kila pigo. Kikishike wima. Kikilala upande, ukingo wa mfereji utachonga bati kando ya mshono, na bomba litapasuka hapo siku ya kwanza litakapogongwa na ngazi. Malizia kwa kuulaza mshono kwa nyundo ya mbao.

   Mshono mzuri unapoupapasa ndani huhisi uso ulio sawa, na nje huhisi mgongo mmoja ulionyooka. Kucha ikiingia kati ya tabaka, rudia kugonga.

7. Piga mshipi kwenye shingo. Mshipi ni ule mtuno mdogo unaolizunguka bomba, na kazi yake hapa ni kuwa kizuizi: bomba likipenya kwenye tundu la kasha, mshipi hulisimamisha chini ya bati, na mdomo unaochanuliwa juu yake hulibana bati katikati. Katikati ya mshipi iwe milimita 10 kutoka mwisho wa shingo. Rekebisha kizuizi cha mashine, zungusha mara moja kwa kukaza kidogo, kisha kaza na uzungushe tena mpaka upate mtuno wa milimita 3 hivi. Usiumalize kwa mzunguko mmoja. Unapofika kwenye mshono, zungusha polepole.

   Viwandani mshipi kama huu hutokezwa kwa kulikandamiza bomba kutoka mwisho mmoja hadi lijikunje lenyewe mahali lilipoachwa bila kushikiliwa, na watafiti wa Instituto Superior Técnico, jijini Lisbon, wamechapisha kazi nyingi kuhusu kuunganisha mabomba na bati kwa njia hiyo. Njia yao huhitaji mashine za kushinikiza na kalibu zenye vipimo sahihi mno, lakini wazo ni hilihili: bati linabanwa baina ya mituno miwili ya bomba lenyewe, bila skrubu wala gundi ya kulibeba.

8. Toboa tundu na uchanue mdomo. Fanya kazi hii bati la kasha likiwa bado bapa, kwa sababu ukilikunja kwanza nyundo haitapata nafasi ndani yake. Tafuta katikati ya kitako, simamisha shingo hapo, na uizungushie kalamu upande wa nje wa mdomo. Toboa katikati ya duara kwa tindo, ingiza mkasi wa mviringo, na ukate kwa kuzunguka ukitanuka polepole mpaka ubakize milimita 1 ndani ya mstari. Hiyo milimita 1 imalize kwa tupa, ukijaribisha shingo mara kwa mara. Tundu linalofaa ni lile ambalo shingo inaingia kwa kusukumwa kwa kiganja. Likizidi kwa milimita 2 tu, shingo itacheza, na hakuna kiasi cha kugonga kitakachoiponya.

   Pitisha shingo kutoka chini mpaka mshipi uguse bati. Zitokeze milimita 6 au 7 juu, zisizidi. Ukingo wa milimita 6 kwenye bomba la milimita 80 unapolazwa nje hupanuka kutoka kipenyo cha 80 hadi 92, ambayo ni nyongeza ya asilimia 15, na bati laini huivumilia. Ukiacha milimita 12, nyongeza ni asilimia 30, na hapo utakuwa unaomba nyufa.

   Chonga vipande viwili vya mbao ngumu, kila kimoja kikiwa na nusu duara inayolingana na shingo, na uvibane kwa vaisi chini ya mshipi ili uwe na kitu cha kukinza nyundo. Paka silikoni nyembamba kuzunguka tundu, ile isiyo na harufu ya siki, kwa maana yenye harufu ya siki hula zinki. Sasa chanua mdomo kwa nyundo ndogo kwa mizunguko mitatu: wa kwanza uufikishe mdomo nyuzi 30, wa pili 60, wa tatu uulaze kabisa. Gonga mapigo mepesi yanayofuatana, na kwenye mshono uwe mpole kuliko kwingine kote.

   Kwa asiye na mashine ya mishipi: ongeza urefu wa shingo kwa milimita 12 na uukate mwisho wake kuwa meno 20 yenye kina cha milimita 12, kila jino likiwa na upana wa kati ya milimita 12 na 13. Laza jino moja nje kwa nyuzi 90, acha linalofuata likiwa limesimama, na uendelee hivyo hadi mwisho. Meno yaliyolazwa yatakaa chini ya bati yakifanya kazi ya mshipi, na yaliyosimama yatapenya tunduni na kulazwa juu. Kiungo hiki hushika vizuri sana na hakihitaji chuma laini mno, lakini mikato iliyo kati ya meno hupitisha maji, kwa hiyo silikoni iwe nyingi pande zote mbili. Kwa kazi kavu, kama bomba la moshi wa jiko au tundu la hewa, mimi huipendelea njia hii kuliko ya mshipi.

9. Kunja kasha bila kukata pembe. Mistari ya kitako huacha kwenye kila pembe ya bati mraba wa milimita 100, nje yake pakiwa na ule ukanda wa pindo wa milimita 10. Kata ukanda wa pindo kwenye pembe hizo nne tu, wala usiuguse mraba wenyewe. Kunja kuta nne kuelekea juu mpaka nyuzi 45, na kila mraba wa pembeni uukunje katikati kwa mshazari ili utokeze nje kama sikio. Endelea kuinua kuta huku ukibana masikio, mpaka zisimame wima. Kisha laza masikio yote manne juu ya kuta ndefu, upande wa nje. Kwa kuwa ukuta mrefu ni milimita 250 na masikio mawili hula 200, hayatapandana. Mwishowe kunja pindo la juu kwenda nje na chini, nalo litayafunika masikio na kuyafunga.

   Pembe iliyokunjwa hivi haina mshono hata mmoja, kwa hiyo haina pa kuvujia. Ninasisitiza hili kwa sababu mara nyingi naona makasha yaliyokatwa pembe, yakapigwa ribiti na kupakwa gundi, kazi ndefu inayozaa kitu kinachovuja.

10. Unganisha shingo na bomba refu. Kwa plaizi ya kukunjia, finya mwisho wa chini wa shingo kuzunguka pote kwa kina cha milimita 35, ukiuruka mshono wenyewe. Mikunjo hiyo hupunguza kipenyo kiasi cha kuuwezesha mwisho huo kuingia ndani ya bomba linalofuata. Utaratibu ni mmoja: cha juu huingia ndani ya cha chini, ili maji yanayoteremka yasikutane na ukingo wowote unaoelekea juu. Ukifunga kinyume chake, kila kiungo kitatoa maji ukutani. Kishike kiungo kwa kugonga vibonyeo vitatu kuzunguka bomba kwa ncha ya tindo butu, au kwa ribiti mbili.

11. Jaribu kwa maji kabla ya kupandisha. Ziba shingo kwa kitambaa kilichofungwa mfuko wa plastiki, jaza kasha, na usubiri robo saa. Kagua kwa mkono mkavu upande wa chini.

Kasoro zinazojitokeza na tiba zake

*Mshono unafunguka unapoliminya bomba.* Kulabu hazikuwa na upana sawa, au moja ilizibwa mno hivi kwamba nyingine haikuingia yote. Kata kipande kipya. Kugonga zaidi kutauficha ubovu kwa wiki moja tu.

*Mdomo umepasuka wakati wa kuchanua.* Ufa mmoja usiofika kwenye mshipi unaweza kuusimamisha kwa kutoboa kitundu kidogo kwenye ncha yake na kupaka silikoni. Nyufa zikiwa tatu au zaidi, bati lako ni gumu au ukingo ulikuwa mrefu mno. Rudi kwenye hatua ya 1 na ya 8.

*Shingo inazunguka ndani ya kasha.* Ikiwa inazunguka kwa shida, irudishe juu ya vipande vya mbao na uukaze mdomo kwa mzunguko mmoja zaidi. Ikiwa inazunguka kwa uhuru, tundu ni kubwa. Unaweza kuiokoa kwa kutengeneza pete ya bati yenye tundu sahihi na kuifunga chini ya kitako kwa ribiti na silikoni, ingawa kukata bati jipya huchukua muda uleule.

*Mshipi umepinda, upande mmoja uko juu kuliko mwingine.* Shingo haikuegemea kizuizi cha mashine wakati wote wa kuzungusha. Kagua pia kama mwisho wake ulikatwa kwa skwea. Mshipi uliopinda haunyoosheki.

*Bomba si duara.* Lirudishe juu ya bomba zito na uligonge kwa nyundo ya mbao kuzunguka pande zilizobapa, ukiuacha mshono bila kuugusa.

*Maji yanatoka kati ya mdomo na kitako.* Kausha kabisa, safisha kwa spiriti, na upake silikoni juu ya mdomo ndani ya kasha. Maji yakiendelea kutoka mahali palepale, utakuta ni pale tabaka mbili za shingo zinapopandana: inua mdomo kidogo sana kwa ncha ya bisibisi, sindilia silikoni, na uulaze tena kwa pigo moja.

*Kutu inaonekana kwenye kingo zilizokatwa.* Safisha kwa msasa laini na upake rangi yenye zinki nyingi. Fanya hivyo pia mahali popote ambapo tupa au tindo ilipita, kabla kasha halijapandishwa ukutani, kwa kuwa baada ya kufungwa chini ya mfereji upande wake wa nyuma hautafikika tena kwa brashi.